Uchambuzi wa kisa: fundi umeme aliyechoka kusubiri simu iite

Kwanza kuhusu kisa chenyewe

Huyu mtu namjua, tuko kikundi kimoja cha akiba toka 2014 na ndo maana nimeweza kukaa na madaftari yake wiki nzima nikiyasoma. Kanipa ruhusa niandike. Majina nimetoa, mtaa nimetoa, na vitu viwili vitatu ambavyo mtu wa karibu angeweza kumtambua navyo nimevibadilisha, ila hesabu ni zake zilezile alizoandika kwa mkono wake. Nitamwita Fundi, mkewe nitamwita Mama Zai.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kila siku watu wanaulizana hela inayoingia hata ukiwa umelala inapatikanaje, na majibu ni yaleyale, nunua bodaboda weka dereva, jenga vyumba pangisha, nunua hatifungani, yani ikopeshe serikali ikulipe riba. Anayejibu mara nyingi hajafanya hata kimoja, au kafanya kimoja kikamwendea vizuri. Huyu kapita kote, bodaboda kapita, vyumba kajenga, hatifungani anayo, na kila shilingi kaiandika, hata zile zilizopotea.

Alikotoka

Fundi ni fundi umeme wa majumbani, kasomea VETA, chuo cha ufundi, anafanyia kazi pembezoni mwa Dar huko ambako watu wanajenga kila siku. Kazi yake kubwa ni wayaringi ya nyumba mpya. Nyumba ya vyumba vitatu anachukua laki 6 mpaka laki 9 hela ya ufundi, vifaa ni juu ya mwenye nyumba.

Sasa watu ambao hawajui hii kazi wanadhani akipata nyumba kapata laki 8. Hapana. Wayaringi inaenda na ujenzi, unachimba ukuta na kupitisha mabomba kabla ya plasta unalipwa kidogo, plasta ikikauka unavuta waya unalipwa kidogo, afu mwisho kabisa nyumba ikishapakwa rangi ndo unafunga soketi, swichi na taa unalipwa kilichobaki. Na wengi wetu tunajenga kidogo kidogo, mtu anapiga plasta mwaka huu rangi anapaka mwaka kesho kutwa, kwahiyo Fundi ana nyumba ambazo kipande cha mwisho kimekuja baada ya miaka miwili na nusu. Kuna moja imepigwa bati 2016 na mpaka leo haina taa.

Daftari la 2017 nimelisoma lote. Nyumba 11, jumla ya hela ya ufundi 7,850,000. Ukigawa kwa 12 ni kama 654,000 kwa mwezi, ambayo kwa mtaa anaokaa ni hela ya kuishi vizuri tu. Lakini hakuna mwezi hata mmoja aliowahi kuiona hiyo laki 6 na nusu. Machi iliingia 1,900,000, kuna miezi mitano iliingia chini ya laki na nusu. Machi hiyohiyo alinunua makochi na tivii, Mei akakopa ada ya mtoto kwenye kikundi chetu, mimi mwenyewe nilikuwepo siku anakopa na nakumbuka nilishangaa, kwa sababu wiki chache nyuma tulikuwa tumekaa kwenye hayo makochi.

Mkono

Juni 2018 aliteleza kwenye ngazi akavunjika mkono, pale kwenye kifundo cha mkono karibu na kiganja. Wiki tisa hakufanya kazi. Wiki ya tatu aliuza drili na grainda kwa 230,000, alipopona akanunua nyingine kwa 410,000 kwa sababu bila drili hakuna kazi. Yani kuumwa kulimla mara mbili, kipindi hakuingizi na kipindi anarudi.

Kile ndo kilimgeuza. Alikuja kwenye kikao cha kikundi mkono bado una bandeji akasema anataka kitu ambacho kitakuwa kinaleta hela hata yeye akiwa kitandani. Tukampa ushauri, na ushauri wetu nakiri ulikuwa mbovu. Tulimwambia anunue bodaboda.

Jaribio la kwanza: bodaboda ya mkataba

Oktoba 2018 alinunua pikipiki, na usajili na bima ndogo ikafika 2,400,000. Milioni moja alikopa kwenye kikundi kwa riba ya 100,000, iliyobaki ni ya kwake. Akampa kijana wa mtaani anayemfahamu kwa mkataba, kijana analeta hesabu 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 14, afu pikipiki inakuwa ya kijana. Kwenye karatasi ni kama 3,600,000 inaingia, kwahiyo faida milioni moja na pointi. Ukiangalia hivyo huoni shida iko wapi.

Miezi minne ilienda vizuri. Mwezi wa tano zikaanza zile simu, bosi leo kazi mbaya, bosi nimekamatwa, bosi tairi, bosi cheni. Zingine zilikuwa za kweli, hilo lazima niseme, kuna siku ya mvua mtu kweli hapati kitu na trafiki kweli wanakamata. Tatizo Fundi hakuwa na namna ya kujua ipi ya kweli ipi ya uongo bila kwenda mwenyewe kijiweni kuuliza. Aliniambia hivi: "Kila saa 2 usiku nilikuwa nakaa na simu mkononi nasubiri hesabu. Mama Zai akinisemesha namjibu vibaya. Nikaona hii sio hela ya kulala, maana hata usingizi wenyewe sipati."

Julai 2019 kijana alipata ajali, aligongana na bajaji, hakuumia sana Mungu saidia, ila shoku za mbele zilipinda na injini ikapasuka kifuniko. Bima ilikuwa ile ndogo inayolipa wengine tu. Fundi akaenda polisi, akaenda hospitali, akatengeneza, akaona basi, akauza 1,100,000.

Hesabu ya mwisho iko hivi. Alitoa 2,400,000 ya kununua, 410,000 matengenezo, 100,000 riba, jumla 2,910,000. Aliingiza 1,690,000 ya hesabu za miezi tisa na 1,100,000 ya kuuza, jumla 2,790,000. Kapoteza 120,000. Sio hasara ya kuua mtu. Lakini ukiongeza zile siku alizoacha saiti akaenda kushughulikia pikipiki, na daftari linaonyesha siku 17, hapo hasara inakuwa nyingine kabisa.

Hela ya mhuri

Hiki kipande Fundi alisita kukiweka, afu baadae akasema weka, labda kuna fundi mwingine yuko hapo.

Mwaka 2019 alipata leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji. Kwa wasiojua, nyumba haiungwi umeme mpaka fundi mwenye leseni athibitishe wayaringi kwa fomu na mhuri. Mtaani mafundi wasio na leseni ni wengi, wanafanya kazi wenyewe afu wanatafuta mtu wa kuwapigia mhuri. Baada ya pikipiki kufa wakaanza kumfuata, 40,000 kwa nyumba, hana haja ya kutoka hata nyumbani, anagonga mhuri anasaini basi. Ukitafuta hela isiyo na jasho hii ndo yenyewe, hata mtaji haitaki.

Alipiga mbili. Ya tatu roho ikamsukuma aende akaangalie. Anasema alifika nyumba imeshapakwa rangi nzuri ya krimu, mwenye nyumba, mama mmoja mjane, kampokea kwa furaha na juisi. Akafungua soketi ya jikoni akakuta waya wa 1.5, ule wa taa, wakati soketi inataka 2.5, na jiko la umeme lenyewe linataka waya mnene zaidi, sita. Akatoka nje kutafuta nondo ya earth, ile inayozikwa ardhini kwa usalama. Ilikuwepo, imechomoza pale ukutani vizuri kabisa. Akaishika akaitikisa ikang'oka mkononi, kipande cha futi moja, kimechomekwa kwenye mchanga kwa ajili ya macho tu.

Alimwambia yule mama ukweli, akakataa kugonga mhuri, na wiki iliyofuata akarudi kwenye zile mbili za kwanza akazikagua na kurekebisha kwa hela yake, laki na 35 ilimtoka wakati mhuri ulikuwa umemlipa 80,000. Toka hapo hajagonga mhuri kwenye kazi asiyoisimamia.

Mimi naona huu ni uamuzi mkubwa kuliko ule wa hatifungani ambao ndo watu watauangalia. Hela ya mhuri ingemlipa kila mwezi bila shida kwa miaka, na kuna nyumba ingeungua siku moja ikiwa na jina lake.

Meza ya jikoni, Novemba 2019

Aliyetoa njia ni Mama Zai. Yeye ana genge la mboga, nazi, vitunguu, na kwa miaka yote ile ya mawimbi genge ndo lilikuwa linaleta unga. Siku hiyo Fundi kaleta 780,000 ya nyumba iliyoisha, anaongelea kununua pikipiki nyingine atafute dereva mwaminifu. Mama Zai akamwambia: "Baba Zai, shida yako wewe sio hela. Shida yako tarehe. Mimi genge langu dogo ila najua kesho linanipa nini."

Wakakubaliana kitu ambacho mwanzoni nilikiona cha kitoto. Kwamba Fundi ajilipe mshahara.

Utaratibu ulikuwa hivi, hela ya vifaa ya mteja haichanganywi na kitu chochote, ina laini yake ya simu. Hela yote ya ufundi ikiingia siku hiyohiyo inatumwa kwa simu kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Kila mwisho wa mwezi wanaomba kutoa mshahara wa nyumba 450,000 na nauli na vifaa vyake vya kazi 100,000. Mwezi ukiwa wa neema hawaongezi, mwezi ukiwa mkavu hawapunguzi. Walianza na 700,000 iliyobaki kwenye ile pikipiki, na miezi mitatu ya kwanza mshahara ulikuwa 300,000 tu ili mfuko usikauke.

Kwanini Ukwasi na sio benki? Nilimuuliza. Kwanza faida, kwake imekuwa ikizunguka asilimia 12 kwa mwaka, akaunti ya kawaida ya akiba haifiki hata karibu. Lakini sababu iliyombeba ni nyingine, ukiomba kutoa hela pale inachukua kama siku tatu za kazi mpaka ikufikie. Benki ana kadi, saa 4 usiku rafiki akimpigia ana shida au akiona simu nzuri anatoa. Siku tatu zinatosha hamu ikapoa. Pia unaanza na 100,000 na kuongeza ni kuanzia 10,000, kwahiyo hata kipande kidogo cha mteja kinaingia.

Mwaka 2020 corona ilipoingia wateja wake wengi walisimamisha ujenzi, Aprili mpaka Juni hakupata nyumba hata moja. Mshahara ulitoka miezi yote mitatu. Mama Zai anasema ndo mara ya kwanza tangu waoane hakuna aliyemkopa mwenzake nauli.

Hatifungani, Agosti 2021

Ukwasi ulipofika 6,300,000 wakaanza kufikiria sasa hela izae. Fundi aliwaza pikipiki tena, ndio, tena. Kilichombadilisha ni mteja wake mmoja mstaafu aliyemwonyesha meseji ya benki, riba ya hatifungani ya serikali imeingia, na Fundi akauliza swali moja tu, nani anamfuatilia huyu analeta hela? Mzee akamwambia hakuna.

Alifungua akaunti ya CDS, ile inayotunza hatifungani na hisa za mtu, kwa msaada wa benki yake, akaingia mnada wa Jumatano na kununua hatifungani ya miaka 20 yenye thamani ya 5,000,000, riba asilimia 15.49 kwa mwaka. Kima cha chini ni milioni moja, kwahiyo sio kitu cha matajiri kama wengi wanavyodhani. Riba inalipwa kila miezi sita kwenye akaunti, kwake ni 387,250 kila Februari na kila Agosti, na riba ya hatifungani za muda mrefu haikatwi kodi. Agosti 2041 anarudishiwa milioni 5 yake.

Kwanini miaka 20? Kwa sababu ya riba kubwa, na kwa sababu akibanwa anaweza kuiuza kupitia dalali wa soko la hisa kabla ya muda. Nilimuonya kwamba ukiuza bei ni ya soko, unaweza kupata pungufu. Akasema anajua ndo maana kaacha 1,300,000 kwenye Ukwasi.

Vyumba, 2022 mpaka 2023

2022 serikali ilishusha riba za hatifungani mpya, ya miaka 20 ikawa asilimia 12.10. Ya kwake haikuguswa maana ukishanunua riba yako ni ileile mpaka mwisho, ila hamu ya kuongeza nyingine ilipungua. Alikuwa na kiwanja alichonunua 2015 kwa 2,500,000. Aprili 2022 akaanza kujenga vyumba vitatu, kila kimoja na choo chake ndani.

Alijenga miezi 18 bila mkopo, kwa akiba, riba za hatifungani, na tenda moja nzuri ya gesti. Gharama bila kiwanja 12,700,000. Umeme wote alifunga mwenyewe, na hapa ujuzi ulimlipa kwa namna nyingine pia, kila chumba alikiwekea mita yake ndogo. Anayejua nyumba za kupanga anajua vita vya LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, huyu ana friji yule ana pasi, nani kamaliza yuniti. Kwake kila mtu anaona namba yake.

Kosa kubwa lilikuwa mwishoni. Alitaka wapangaji waingie Novemba, akachota Ukwasi mpaka ukabaki 180,000, Septemba na Oktoba 2023 mshahara haukutoka. Mtoto mkubwa akahitaji hela ya shule ndani ya wiki, akakopa 400,000 kwa kaka yake. Yani mtu mwenye hatifungani ya milioni 5 na nyumba ya vyumba vitatu anakopa hela ya shule, karudi palepale pa Mei 2017.

Wapangaji wakaingia Novemba, 60,000 kwa chumba, miezi sita mbele, 1,080,000 mkononi. Kaka akalipwa siku hiyohiyo.

Matokeo

Mwaka 2024 ndo mwaka wa kwanza kamili, na Fundi kauandika vizuri.

Kodi ya vyumba ingekuwa 2,160,000. Mpangaji mmoja alihama Mei chumba kikakaa wazi miezi miwili, ikaingia 2,040,000. Kunyonya shimo la choo 90,000. Mlango na bati lililovuja 140,000. Kupaka rangi chumba kilichohamwa 65,000. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU 1,500 kwa mwezi, 18,000. Asilimia 10 ya kodi ya mapato ya pango anaitenga, 204,000. Imebaki 1,523,000. Hatifungani 774,500. Jumla 2,297,500, ambayo ni kama 191,000 kwa mwezi.

Mshahara wa nyumba kuanzia Januari 2024 ni 550,000. Kwahiyo hela isiyotegemea ngazi inabeba theluthi na kidogo. Ni miaka mitano toka ile meza ya jikoni, na bado theluthi mbili ni jasho lake. Naandika hivi makusudi kwa sababu kuna watu wanauziwa habari za kuacha kazi ndani ya mwaka mmoja.

Septemba 2024 alifanyiwa upasuaji wa ngiri, wiki sita bila kazi. Hospitali ilikula 680,000, mishahara miwili 1,100,000, mteja mmoja akamalizia deni 330,000, Ukwasi ukatoka 2,600,000 ukafika 1,150,000. Hakuna aliyekopwa. Nilienda kumuona wiki ya pili, drili na grainda zipo chini ya kitanda kwenye boksi lake, na Mama Zai akanionyesha kwa kidole bila kusema kitu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mimi kilichonifundisha zaidi ni mpangilio. Fundi alipotoka kwenye kuvunjika mkono akarukia mali inayozalisha moja kwa moja, wakati tatizo lililomuuzia drili lilikuwa hana hata mwezi mmoja wa akiba. Pikipiki hata kama ingeenda vizuri ingekuwa inaingiza 60,000 kwa wiki kwenye nyumba ambayo hela ikiingia inatoka, na isingebaki. Ule mpango wa mshahara wa Mama Zai haukuongeza hata shilingi moja kwenye kipato, ulichofanya ni kufanya hela ya Machi ifike Mei. Baada ya hapo ndo akiba ikaanza kuonekana kama akiba, na mtu mwenye akiba iliyotulia anaweza kununua kitu cha miaka 20 bila kutetemeka.

Kitu cha pili ni lile swali alilomuuliza mstaafu, nani anamfuatilia anayeleta hela. Hatifungani inamuibia muda sifuri. Vyumba vinamuibia kama siku mbili kwa mwezi, kwa sababu vipo njiani kwenye saiti zake na matatizo mengi ya nyumba ni ya umeme na anayaweza. Angekuwa karani wa ofisi, vyumba vilevile vingemla zaidi, angelipa fundi kila taa ikizima. Kwahiyo ukisikia vyumba vinalipa uliza vinamlipa nani.

Na daftari. Bila daftari angeendelea kusema pikipiki ilimpa hela nzuri, maana mtu anakumbuka ile elfu 10 ya kila siku, zile siku 17 hazikumbuki.

Kilichofeli, na ambapo sikubaliani naye

Bodaboda ya mkataba ilifeli kwa sababu hatari yote ilikuwa kwa Fundi na usukani wote kwa kijana. Chombo kikigongwa ni cha Fundi, siku ikiwa mbaya inakatwa kwa Fundi, na hana macho barabarani. Kuna watu zinawalipa, najua wawili, wote wawili wanashinda kijiweni na wanajua kutengeneza. Hao wana biashara ya bodaboda, wanaifanya kila siku kama kazi nyingine yoyote. Na sisi wa kikundi tuna lawama yetu, tulimpa mtu ushauri ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuupigia hesabu.

Kukausha Ukwasi Septemba 2023 ni kosa ambalo angeliepuka kwa kuchelewesha wapangaji miezi mitatu. Angekosa kama 540,000 ya kodi, ni kweli. Ila ndo bei ya kutokurudi kukopa.

Sasa pale tunapobishana. Fundi anaona vyumba vimeshinda kwa sababu vinaleta 1,523,000 na hatifungani inaleta 774,500. Mimi namwambia aangalie alichoweka. Vyumba na kiwanja ni 15,200,000, kwahiyo vinampa kama asilimia 10 kwa mwaka, na shimo anyonye yeye. Hatifungani inampa 15.49 amekaa. Kwa mwaka huu wa leo hatifungani inafanya kazi vizuri zaidi kwa kila shilingi.

Ila na yeye ana hoja na sikuweza kuipangua. Ile 387,250 itakuwa 387,250 mpaka 2041. Bei za vitu zikipanda hata asilimia 4 tu kwa mwaka, miaka 20 mbele hiyo hela itakuwa na nguvu chini ya nusu ya iliyokuwa nayo siku ananunua, na ile milioni 5 atakayorudishiwa vilevile. Kodi ya chumba inapanda na maisha, na kiwanja cha 2,500,000 jirani yake kauza cha ukubwa uleule kwa milioni 7 mwaka jana. Kwahiyo anayekula riba yote ya hatifungani kila miezi sita bila kurudisha hata kidogo, anapunguza mali yake taratibu bila kuona. Fundi hajala hata riba moja mpaka sasa, zote zimeingia kwenye vyumba au Ukwasi, na hapo nampa haki yake.

Alipofika sasa

Februari 2025 riba iliingia kama kawaida. Ukwasi una 2,100,000. Fundi anataka kuanza chumba cha nne, nondo za msingi tayari zipo, kazinunua bei nzuri kwa mtu aliyekuwa anahama. Mama Zai kasema hakuna chumba wala hatifungani mpya mpaka mfuko ufike miezi sita ya mshahara, 3,300,000, na hiyo ikishafikiwa haishuki tena kwa ajili ya ujenzi wowote. Wameandika kwenye jalada la mbele la daftari, wote wawili wakasaini, na nondo zimelazwa nyuma ya genge zimefunikwa turubai.